Je, Ufilipino irudishe Kihispania kuwa lugha rasmi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukianza kujifunza Kihispania, haichukui muda kabla ya mtu kukuuliza: mbona Ufilipino, iliyotawaliwa na Hispania kwa zaidi ya miaka 330, haikizungumzi? Swali linalofuata ni kama isingekuwa busara kukirudisha. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mara mjadala huu unapowaka, kuanzia ya msingi hadi yale ya wabishi waliokwisha kusoma katiba.

## Ya msingi

Lugha rasmi za Ufilipino kwa sasa ni zipi?

Ni mbili: Kifilipino na Kiingereza. Zimetajwa katika ibara ya 14, kifungu cha 7, cha Katiba ya 1987. Kifilipino ndicho pia lugha ya taifa. Mzizi wake ni Kitagalog, lugha ya Manila na mikoa inayoizunguka. Kiingereza kimewekewa sharti la ajabu kidogo: ni rasmi "mpaka sheria itakapoamua vinginevyo". Lugha za mikoa ni rasmi saidizi huko huko mikoani.

Kihispania nacho kimetajwa katika kifungu hicho hicho, bega kwa bega na Kiarabu, lakini kwa namna tofauti: vitaendelezwa kwa hiari, bila kulazimisha mtu. Kwa hiyo anayesema Katiba imekisahau Kihispania hajaisoma.

Kwa ufupi, kirudishwe au kisirudishwe?

Kwa maoni yangu, kisirudishwe kuwa lugha rasmi. Kifundishwe vizuri kwa wanaokihitaji, na wapo wengi kuliko inavyodhaniwa: wanasheria, wanahistoria, wauguzi wanaokwenda Madrid, vijana wa vituo vya simu. Sababu yangu kubwa si chuki kwa mkoloni. Kihispania kilikuwa lugha rasmi ya Ufilipino kwa miongo mingi ya karne ya 20, kikafundishwa vyuoni kwa lazima, na bado kikatoweka mbele ya macho ya sheria hizo hizo. Dawa hiyo imeshajaribiwa na mgonjwa hakupona.

Lugha rasmi na lugha ya taifa si kitu kimoja?

Ni vitu viwili tofauti. Kenya inatupa mfano mzuri: ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Ya taifa ni kitambulisho. Rasmi ni lugha ya kazi: ya sheria, mahakama, fomu, tangazo la serikali. Mwananchi ana haki ya kuhudumiwa kwayo, na serikali ina wajibu wa kuwa na watu wa kuihudumia. Hapo ndipo gharama ilipo.

Tena, lugha inaweza kutawala kila kitu bila kutangazwa. Katiba ya Mexico, nchi yenye wasemaji wengi zaidi wa Kihispania duniani, haikitaji Kihispania kuwa lugha rasmi. Kinatumika tu, kwa kuwa watu wanakizungumza nyumbani.

Wafilipino wangapi wanazungumza Kihispania leo?

Wachache sana, hawafiki hata mmoja katika kila mia, ndani ya nchi iliyohesabu watu milioni 109 katika sensa ya 2020. Hapo sijawahesabu wasemaji wa Kichavacano, lugha iliyozaliwa na Kihispania, ambao wana swali lao peke yao huko chini.

## Historia, kwa sababu kila ubishi unaishia huko

Miaka 333 ya utawala, mbona lugha haikukamata?

Kwa sababu waliotawala hawakutaka sana ikamate, na hata wangetaka walikuwa wachache mno.

Legazpi, kiongozi wa msafara wa Wahispania, alifika Cebu 1565 na kuifanya Manila makao makuu 1571. Njia ya kutoka Hispania ilipita Mexico: bahari ya kwanza hadi Veracruz, nchi kavu hadi Acapulco, kisha bahari ya pili hadi Manila. Kwa karibu miaka 250 merikebu za Manila na Acapulco ndizo zilizounganisha visiwa hivyo na ufalme, na utawala wenyewe ulisimamiwa kutoka Mexico mpaka Mexico ilipojitegemea 1821. Walowezi waliofika walikuwa wa kuhesabika, na wengi walibaki ndani ya kuta za Intramuros, mji mkongwe wa Manila. Huko Amerika ya Kusini mambo yalikuwa mengine: walowezi walimiminika, wenyeji wakafa kwa magonjwa kwa wingi wa kutisha, na machotara wakakua na lugha ya baba.

Vijijini Ufilipino, Mhispania pekee ambaye mtu alimwona maishani mwake alikuwa padri. Na padri alijifunza lugha ya kijiji. Kitabu cha mafundisho ya dini kilichochapwa Manila mwaka 1593 kilikuwa na Kihispania na Kitagalog pamoja. Padri aliyejua lugha zote mbili alikuwa mlango pekee kati ya mwananchi na serikali, na mwenye mlango hana haraka ya kugawa funguo.

Msomaji wa Tanzania ataitambua picha hii. Wajerumani waliona ni rahisi kutawala kwa Kiswahili, kupitia maakida na makarani, kuliko kumfundisha kila mtu Kijerumani. Walipoondoka, lugha yao iliondoka nao.

Amri ya kujenga shule za msingi za umma zenye kufundisha Kihispania ilitoka 1863. Mwaka 1898 Hispania ikafukuzwa. Kwa hiyo katika ile miaka 333, iliyotumika kufundisha umma ni 35, na hata hiyo walimu walipungua kila mahali.

Basi ni Wamarekani waliokiua?

Nusu ya ukweli. Mkataba wa Paris wa Desemba 1898 uliikabidhi Ufilipino kwa Marekani kwa dola milioni 20. Mwaka 1901 meli iitwayo Thomas ilishusha Manila walimu wa Kimarekani wapatao 500, na kuanzia hapo shule ya umma ilikuwa ya Kiingereza. Kizazi kimoja kilitosha kubadili mambo: babu aliandika barua kwa Kihispania, mjukuu akafanya mtihani kwa Kiingereza.

Lakini Kihispania hakikufa siku ile meli ilipotia nanga. Mahakama ziliendelea kukitumia kwa miaka mingi. Magazeti, ushairi na hotuba za Bunge vilistawi kwa Kihispania katika miongo ya mwanzo ya utawala wa Marekani kuliko wakati wa Hispania yenyewe, kwa sababu udhibiti wa mapadre ulikuwa umekwisha. Manuel Quezon, rais wa serikali ya ndani kuanzia 1935, alikuwa mtu wa Kihispania kwanza.

Pigo jingine lilikuja na vita. Februari na Machi 1945, Wajapani na Wamarekani walipigania Manila mtaa kwa mtaa. Raia waliokufa wanakadiriwa kufikia 100,000. Intramuros iliangamia, pamoja na sehemu kubwa ya Ermita na Malate, mitaa ambamo familia za Kihispania zilikuwa zikiishi. Lugha ambayo tayari ilikuwa ya watu wachache ilipoteza majirani wa kuizungumza nao.

Ni kweli taifa lenyewe lilizaliwa kwa Kihispania?

Ndiyo, na hapa watetezi wa Kihispania wana hoja yao nzito kuliko zote. José Rizal, shujaa wa taifa aliyepigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896, aliandika riwaya zake mbili kwa Kihispania, na shairi lake la kuagana vilevile. Katiba ya Malolos ya 1899, ya jamhuri ya kwanza, iliandikwa kwa Kihispania. Maneno ya kwanza ya wimbo wa taifa yalitokana na shairi la Kihispania la José Palma la mwaka huo huo. Vijana wasomi waliochapisha gazeti la mageuzi huko Hispania walitoka mikoa yenye lugha tofauti. Kihispania ndicho kilichowakutanisha dhidi ya Hispania.

Ila watu husahau upande wa pili. Katiba ya muda ya Biak-na-Bato ya 1897, ya wanamapinduzi hao hao wakiwa bado porini, ilisema lugha rasmi iwe Kitagalog. Na ile ya Malolos ilikiweka Kihispania kwa muda tu. Waanzilishi wenyewe walikuwa wamegawanyika, kwa hiyo anayedai kusema kwa niaba yao achague kwanza ni mwaka gani.

Leo mtoto wa Manila anamsoma Rizal kwa tafsiri. Hilo linauma, nakubali.

## Upande wa sheria

Kihispania kilifutwa lini hasa?

Kwa hatua, ndiyo maana watu hutaja miaka tofauti na kila mmoja anaweza kuwa na haki.

Katiba ya 1935 ilikitaja kuwa rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba ya 1973 ilikiacha nje: rasmi zikawa Kiingereza na Pilipino, kama lugha ya taifa ilivyoitwa wakati huo. Miezi michache tu baadaye, Machi 1973, Ferdinand Marcos alitoa Amri ya Rais namba 155 kukirejesha kwa kazi maalumu, kwa kuwa serikali ilikuwa na rundo la nyaraka za Kihispania ambazo hazijatafsiriwa. Katiba ya 1987 ikamaliza habari na kukihamishia kwenye kifungu cha hiari.

Si kiliwahi kufundishwa kwa lazima vyuoni?

Kilifundishwa, na hili ndilo jibu ambalo ningependa kila mwenye shauku alisome mara mbili.

Mwaka 1949 sheria ilikifanya somo la hiari. Mwaka 1952 ikaja sheria ya kukilazimisha kwa wanafunzi wote wa chuo kikuu, uniti (vipimo vya masomo) 12. Mwaka 1957 sheria nyingine ikapandisha hadi uniti 24 kwa kozi kama sheria, ualimu na utumishi wa nje. Wanafunzi wakalalamika, wakaandamana, na mwaka 1967 ikashushwa tena. Ulazima uliondoka na Katiba ya 1987.

Hesabu mwenyewe: miaka 35 ya ulazima, kwa tabaka lote la wasomi wa nchi. Matokeo yake ni watu wazima wengi wanaoweza kughani mnyambuliko wa kitenzi kimoja na beti mbili za Rizal, basi. Waliosoma lugha ya kigeni kwa ajili ya mtihani peke yake wanajua ninachosema. Kilichokosekana hakikuwa sheria. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye baada ya kengele ya kutoka.

Kukirudisha kungehitaji nini?

Kubadili Katiba, kwa usomaji wa kawaida wa kifungu cha 7. Lile neno "mpaka sheria itakapoamua vinginevyo" linahusu Kiingereza, si kuongeza lugha ya tatu. Mabadiliko yanapendekezwa na robo tatu ya wabunge wote, au na mkutano wa katiba, au na wananchi wenyewe kwa saini za asilimia 12 ya wapiga kura huku kila jimbo likifikia angalau asilimia 3. Kisha kura ya maoni. Katiba hiyo haijawahi kubadilishwa hata neno moja tangu 1987, ijapokuwa karibu kila rais amejaribu au amedhaniwa kujaribu.

Kukifundisha, kwa upande mwingine, hakuhitaji kubadili chochote. Gloria Macapagal-Arroyo alipokuwa rais alitangaza nia ya kukirejesha mashuleni, na baadhi ya sekondari za umma zilianza kukifundisha kama somo la kuchagua mwaka 2009.

## Hoja za wanaotaka kirudi

Nyaraka na sheria za zamani: nani atazisoma?

Hoja hii naiheshimu. Hifadhi ya taifa ya Manila imejaa makaratasi ya Kihispania: hati za ardhi, kesi, sajili za vijiji. Kwenye sheria jambo ni zito zaidi. Kanuni ya adhabu inayotumika mpaka leo ilipitishwa 1930 kwa Kihispania, na mahakama zilishaamua kwamba matini ya Kihispania na ya Kiingereza zikigongana, ya Kihispania ndiyo yenye nguvu. Yaani mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kwa maana ya neno ambalo hakimu, mwendesha mashtaka na yeye mwenyewe hawalijui.

Lakini tiba ya hilo ni kutafsiri upya, kwa tafsiri yenye nguvu ya sheria, na kusomesha wataalamu. Tanzania mwaka 2021 ilipotaka wananchi waelewe mahakama, ilibadili sheria ili lugha ya mahakama na ya sheria iwe Kiswahili. Haikuwapeleka wananchi darasani kujifunza Kiingereza cha majaji.

Vipi ajira na uraia wa Hispania?

Ajira ni kweli. Vituo vya kuhudumia wateja kwa simu vya Manila na Cebu huwalipa wanaojua Kihispania zaidi ya wenzao wa Kiingereza pekee. Ila mshahara huo ni mkubwa kwa sababu wao ni adimu. Kama kila mtu angekijua, nyongeza hiyo ingeyeyuka.

Uraia una utamu wake. Wageni wengi hutakiwa kuishi Hispania kihalali miaka 10 kabla ya kuomba uraia. Wafilipino wanahitaji miaka 2 tu, sawa na watu wa Amerika ya Kihispania na wa Guinea ya Ikweta, kwa sababu ya historia. Hilo tayari wanalo bila lugha kuwa rasmi. Kinachowakwaza ni mtihani wa lugha: wanaotoka nchi ambazo Kihispania ni rasmi wamesamehewa, Wafilipino hawajasamehewa. Kwa hiyo, ndiyo, kuna faida moja ya kupimika ambayo tangazo rasmi lingeweza kuleta: msamaha wa mtihani wa ngazi ya pili kutoka chini. Kubadili katiba ya watu milioni mia moja ili wanaohamia Madrid wasifanye mtihani huo ni kuchoma shamba ili kuoka hindi moja.

Kitagalog kimejaa maneno ya Kihispania. Si kitakuwa rahisi?

Kimejaa kweli. Dirisha ni *bintana*, kijiko ni *kutsara*, viatu ni *sapatos*, siku ni *Lunes*, *Martes*, *Miyerkoles*. Saa husomwa kwa Kihispania: *alas dos*, *alas tres*. Hata salamu, *kumusta*, ni *cómo está* iliyokunjwa.

Sasa tujiangalie wenyewe. Meza ni *mesa* ya Wareno, ndugu kabisa wa *mesa* ya Wafilipino. Bendera, leso, gereza, vyote wametuachia wao. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kuna mtu yeyote pale Kariakoo aliyejikuta anaelewa Kireno kwa sababu ana meza nyumbani? Neno la mkopo likishaingia linakuwa mwenyeji na kushika sarufi ya nyumba. Msamiati unasaidia wiki za mwanzo za darasa. Vitenzi vya Kihispania vinabaki vigumu vile vile.

Na Kichavacano?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote na huulizwa mara chache. Kichavacano ni krioli: maneno mengi ni ya Kihispania, sarufi imechanganyika na lugha za visiwani. Ngome yake ni mji wa Zamboanga, kusini, na vijumuiya vidogo vipo Cavite na Ternate karibu na Manila. Zamboanga kinazungumzwa sokoni, redioni, nyumbani, na watoto wanakua nacho.

Yaani kuna Wafilipino wenye lugha iliyozaliwa na Kihispania, hai, yao wenyewe, na watetezi wa Kihispania huwapita kana kwamba hawapo, kwa sababu kwao hicho ni "Kihispania kibovu". Hakuna kilichovunjika hapo. Ni lugha yenye kanuni zake. Kama kuna mahali pa kuweka fedha na vitabu, ni hapo, na Katiba ya sasa inaruhusu kama lugha saidizi ya mkoa.

## Shule na gharama

Walimu watatoka wapi?

Hakuna anayejibu swali hili vizuri, hata mimi. Mwalimu wa shule ya msingi huko tayari anafundisha Kifilipino na Kiingereza, katika eneo ambalo mtoto huenda anazungumza Kisebuano, Kiilokano au Kihiligaynon nyumbani. Serikali ilianza mwaka 2012 kufundisha madarasa ya awali kwa lugha ya mama, ikakosa vitabu na walimu wa kutosha, na mwaka 2024 sheria mpya ikauondoa ulazima huo. Kama lugha ambazo watoto wanazizungumza tayari zimeshinda mfumo, lugha ambayo hata mwalimu haijui itaingiaje?

Sisi wa huku tunajua pengo kati ya tangazo na darasa. Uganda iliandika Kiswahili kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005; baraza la mawaziri likaja kupitisha utekelezaji 2022. Na Uganda imezungukwa na majirani wanaozungumza Kiswahili. Jirani wa Ufilipino anayezungumza Kihispania yuko ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki.

Gharama za tafsiri ni kubwa kiasi gani?

Sitatoa tarakimu. Orodhesha tu: kila sheria mpya, kila fomu ya kodi, kila hukumu, karatasi ya kura, mkalimani katika kila mahakama ambako mtu atadai haki yake. Kisha jiulize nani atadai.

## Nchi nyingine zinatufundisha nini?

Kuna nchi iliyorudisha lugha ya mkoloni wa zamani ikafaulu?

Timor ya Mashariki ndiyo inayofanana zaidi, nayo haiko mbali na Ufilipino. Ilipopata uhuru Mei 2002, baada ya miaka 24 chini ya Indonesia, ilichagua lugha rasmi mbili: Kitetum na Kireno. Vijana waliosoma chini ya Indonesia hawakukijua Kireno. Waliokijua ni viongozi wa mapambano, waliokitumia msituni na uhamishoni, na kwao kilikuwa lugha ya ukombozi.

Imesaidia nini? Kireno kimeipa nchi ndogo marafiki wa mbali na walimu kutoka Ureno na Brazil. Imegharimu nini? Mahakama zilizoandika kwa lugha ambayo mshtakiwa haielewi, na kizazi kizima cha wahitimu kilichoambiwa ghafla kwamba elimu yake ya Kiindonesia haina pa kwenda. Timor ilikuwa na viongozi walio hai waliokipenda Kireno. Ufilipino ilikuwa nao mwaka 1935. Leo haina.

Guinea ya Ikweta je? Ni Waafrika wenzetu.

Huko Kihispania ni rasmi tangu uhuru wa 12 Oktoba 1968, na kinafanya kazi kweli kati ya Wafang, Wabubi na wengine. Ni kwa sababu yake Umoja wa Afrika una Kihispania katika lugha zake rasmi, pamoja na Kiswahili. Lakini tazama nchi hiyo ilivyoongeza nyingine: Kifaransa mwaka 1998, kwa kuwa majirani wake wa nchi kavu wanatumia Kifaransa na sarafu yenyewe ni ya nchi za Kifaransa, kisha Kireno, nchi ilipotafuta kuingia katika jumuiya ya nchi za Kireno, ikakubaliwa 2014. Ukisimama sokoni Malabo usikilize Kireno, utasikiliza sana. Kuna lugha inayotangazwa kwa ajili ya wananchi, na kuna inayotangazwa kwa ajili ya mkutano.

Na Puerto Rico?

Kisiwa cha Karibi chenye mkoloni yule yule, mkataba ule ule wa 1898, Wamarekani wale wale na shule zao za Kiingereza. Kihispania hakikutikisika, kwa kuwa kilikuwa lugha ya kila jiko. Mwaka 1991 kilitangazwa kuwa rasmi peke yake. Januari 1993 gavana mpya akarudisha Kiingereza kando yake. Watu waliendelea kuzungumza kama jana. Ukitaka ushahidi kwamba lugha hailindwi na gazeti la serikali, uko hapo.

## Ya pembeni

Kihispania si lugha ya mkoloni? Basi na Kiingereza kiondoke.

Hoja hii hukata pande zote mbili. Kiingereza kimebaki kwa sababu kinaajiri mamilioni, si kwa sababu kina usafi wa moyo. Hata hivyo, wapo Wafilipino wanaotaka Kihispania ili kupunguza kivuli cha Marekani. Kubadilisha mkoloni wa pili kwa wa kwanza naona ni safari ndefu ya kurudi pale pale.

Kwa nini Katiba imekitaja pamoja na Kiarabu?

Kwa ajili ya Waislamu wa Mindanao na Sulu, ambao Uislamu wao umetangulia kufika kwa Wahispania, na ambao Hispania haikuwatawala kikamilifu. Kwao Kihispania kinakumbusha vita. Kila anayependekeza kukirudisha kwa jina la "urithi wetu sote" aanze kwa kuwauliza wao.

Wafilipino wana majina ya Kihispania. Si ni Wahispania kwa asili?

Wengi sio. Mwaka 1849 gavana Clavería aliagiza familia zigawiwe majina ya ukoo kutoka katika orodha, ili kodi ikusanywe bila mkanganyiko. Jina la Kihispania linaonyesha babu alikaa foleni ya serikali. Halionyeshi alitoka Sevilla.

Nafanya kazi Dubai na Wafilipino. Niwasalimie kwa Kihispania?

Wengi watacheka kwa upole na kukujibu kwa Kiingereza. Sema *kumusta*. Kwa mtu mzima kuliko wewe ongeza *po*: *kumusta po kayo*. Hiyo *po* ni heshima, jamaa wa shikamoo, nayo haikutoka Hispania.